Kutoka Turbo hadi Gede: Ukienda Pwani, usiishie mchangani

Mkazi wa Turbo anaijua bandari ya Mombasa hata kama hajawahi kuiona bahari. Usiku na mchana malori ya kontena hupita hapa kwenye barabara kuu yakielekea Malaba, yamebeba vilivyoshushwa Kilindini. Madereva husimama, hunywa chai, hununua mahindi ya kuchoma, kisha huendelea na safari ya Uganda. Lakini muulize mwenyeji alikokwenda likizo, atakwambia Nairobi kwa shemeji au Kisumu harusini. Pwani tumewaachia wageni, maharusi na wanafunzi wanaopakiwa kwenye basi la shule kwenda kuona Fort Jesus.

Na hata wachache wetu wanaofika huko huishia mchangani. Huogelea, hupanda ngamia, hupiga picha, hula samaki, kisha hurudi bara mabega yakiwa yameungua jua. Ni nadra kumpata anayejua kwamba kutoka Mombasa kwenda kaskazini hadi Lamu, karibu kila penye hoteli za kitalii pana mji wa kale jirani: Jumba la Mtwana kule Mtwapa, Mnarani juu ya hori la Kilifi, Gede nyuma ya Watamu, makaburi ya nguzo Malindi na Mambrui, na Takwa katika kisiwa cha Manda. Ni miji ya Waswahili, na mingi yake ilistawi kabla Mreno hajatia nanga katika pwani hii.

Januari hii, mahindi yakiwa yameshapukuchuliwa na kutiwa maguniani, nilifunga safari ya kwenda kuitazama mojawapo. Nilikwenda peke yangu, na kwa kusudi. Magofu yanamtaka mtu asiyeharakishwa. Ukienda na kundi, huyu ana njaa, yule anataka kuogelea, na wa tatu ameshachoka kuona kuta. Nilitaka nafasi ya kusimama mbele ya ukuta mmoja hadi niuelewe, bila kumwomba mtu radhi.

Njiani

Safari yenyewe siku hizi si ya kutisha. Basi la usiku kutoka Eldoret hukufikisha Nairobi alfajiri, na tangu mwaka 2017 kuna treni ya Madaraka Express inayotoka Syokimau na kufika Miritini, Mombasa, kwa muda wa saa tano au sita. Ukiwa dirishani unaiona nchi ikibadilika: nyika ya Athi, udongo mwekundu wa Tsavo, ndovu wenye rangi ya udongo huohuo, halafu minazi na joto.

Kutoka mjini Mombasa nilipanda matatu ya Malindi. Inapita Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo na daraja la Kilifi, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke unajitokeza mkono wa kushoto. Huo ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliobaki katika Afrika Mashariki, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Ukiupita unashuka kwenye steji ya Gede, mahali inapochepuka barabara ya Watamu.

Mwanamke anayesafiri peke yake huulizwa swali moja kila apitapo: "Umekuja na nani?" Utingo aliniuliza, mama muuza viazi karai akaniuliza, na mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni, nisiyoitaja, aliuliza kisha akanitoza bei ya chumba cha wawili kwa kuwa hakuwa na bei ya mtu mmoja. Nililala usiku ule tu. Kesho yake nilihamia nyumba ya wageni katika mtaa wa wenyeji, palipo safi na pa bei ya kustahimilika, na asubuhi mwenye nyumba aliniandalia mahamri na mbaazi za nazi. Tangu hapo nilimjibu kila muulizaji kwamba nimekuja na miguu yangu, wakacheka, yakaisha.

Mji ndani ya msitu

Kutoka steji hadi lango la magofu ni mwendo wa kutembea. Unalipa ada kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo kwa raia ni nafuu kuliko kwa mgeni wa nje, halafu unaingia chini ya miti. Hapo joto hupungua ghafla. Mibuyu na mitamba imeota katikati ya nyumba, na mizizi mingine imeshuka ukutani na kushika mawe kwa vidole. Kima wanapiga kelele juu. Usiwape chakula, hata wakikutolea macho ya huruma. Waliozoea kulishwa hupora mikoba.

Mwongoza watalii wangu alikuwa kijana wa Kigiriama aliyekulia hapo jirani. "Dada, wengi huanza na jumba la mfalme," aliniambia. "Wewe anza na kaburi."

Alinipeleka kwenye Kaburi lenye Tarehe. Ni uzio wa ukuta mfupi wenye lipu ya chokaa, na kwenye lipu hiyo pamechorwa maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka wa Hijria 802, yaani 1399 Miladia. Maandishi si marefu, wala hayana nakshi nyingi. Doa dogo la mwanga wa asubuhi unaopenya majani linatosha kuyafunika yote. Lakini tarehe hiyo ndiyo msumari ambao tarehe nyingi za Gede zimetundikwa juu yake: kutokana nayo wataalamu walipata pa kuanzia kukadiria umri wa kuta, vigae na vyombo vilivyopatikana kandokando yake.

Hatua chache kutoka hapo ni Msikiti Mkuu, uliojengwa upya katika karne ya 15. Paa limekwisha, ila nguzo za mraba zingali katika safu tatu, mihrabu ingalipo, na mimbari ya mawe yenye ngazi tatu imesimama upande wake wa kulia. Juu ya mlango mmoja pamechongwa mkuki wa bapa pana, silaha ya Kiafrika kabisa, kwenye nyumba ya ibada ya Kiislamu. Nadhani picha hiyo ndogo inawajibu wale waliokuwa wakihubiri kwamba miji hii ni ya Waarabu waliohamia na kwamba Mwafrika aliikuta tu.

Jumba la mfalme ni mtiririko wa viwanja na vyumba: ua wa kupokea wageni, ua wa wanawake, ghala, na vyumba vyembamba virefu. Wembamba huo una sababu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kutani kuna vidaka vya kuwekea taa na vyombo. Kuna ghala zisizo na mlango: mtu alipanda ngazi, akaingia kupitia tundu lililo juu, akashusha mali yake, akaondoa ngazi. Mwizi angehangaika.

Kilichonikalisha chini muda mrefu kuliko vyote ni choo. Katika nyumba za matajiri wa Gede kuna vyumba vya choo ndani ya nyumba, vyenye shimo lililojengewa vizuri, mahali pa kuchutama, na pembeni pa kutawadhia. Nimekulia nyumba ambayo choo kilikuwa mwisho wa shamba, na usiku ulikwenda na tochi na dua. Watu wa hapa walilimaliza jambo hilo zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Sarafu za Uchina, shanga za Venice

Nyumba za Gede zina majina ya kupendeza, na hakuna lolote kati yake ambalo wenye nyumba walilijua. Ni wachimbaji waliozibatiza kwa vitu walivyovikuta: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Ukiyasoma majina hayo mfululizo umeisoma biashara ya Bahari ya Hindi. Sarafu zilizopatikana humo zilitengenezwa Uchina wakati wa utawala wa Song, katika karne ya 12 na 13.

Pepo ndizo zilizofanya yote hayo yawezekane. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Yalileta vitambaa, shanga na vyombo vya kauri. Yakaondoka na pembe za ndovu, boriti, ngozi na dhahabu iliyotoka kusini, Sofala. Mwaka 1415 jirani ya Gede, Malindi, ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga.

Na watu wenyewe walikuwa nani? Mwaka 2023 jarida la kisayansi la *Nature* lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika pwani hii na bara yake, kutoka Manda na Mtwapa hadi Kilwa, ambao mtaalamu wetu wa akiolojia, Chapurukha Kusimba, alikuwa mmoja wa walioushughulikia. Walikuta kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi, Waafrika wa pwani walianza kuzaana na wageni kutoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kwa upande wa akina mama asili yao ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Wageni walioa kwa wenyeji, watoto wakasema lugha ya mama zao. Masimulizi ya Washirazi, yaani ya mababu waliotoka Uajemi, yaliyobezwa na wasomi kwa miaka mingi, yalikuwa na ukweli ndani yake.

Lakini Gede si ya matajiri peke yao, na hapa ndipo mgeni hudanganywa na macho. Mji ulikuwa na kuta mbili. Ndani ya ule wa ndani walikaa wenye jumba, msikiti mkubwa na nyumba za mawe. Kati ya huo na ukuta wa nje, uliozunguka ekari zipatazo 45, waliishi watu wa kawaida katika nyumba za udongo na makuti. Nyumba hizo zimerudi mchangani. Leo unatembea juu yake ukidhani ni msitu mtupu, kumbe unapita sebuleni kwa mtu.

Kwa nini walihama?

Mji ulianza kukua katika karne ya 12, ukafika kileleni karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umeachwa. Hakuna sababu moja. Mwaka 1589 wapiganaji walioitwa Wazimba waliipiga Mombasa na kuendelea hadi Malindi. Waoromo nao walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Wareno walikuwa wameshaivuruga biashara ya bahari, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, nguvu zikahamia Mombasa. Jingine ni maji. Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kinaonyesha kwamba kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kuwa maji yalikuwa yakiwakimbia. Ukuta unaweza kuzuia adui, ila hauzuii kisima kukauka.

La ajabu ni kwamba Wareno, waliokaa Malindi karibu karne nzima, umbali wa kilomita 16 hivi tu, hawakuitaja Gede katika maandishi yao yanayojulikana. Dunia ya nje iliifahamu mwaka 1884 alipoitembelea John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Mwaka 1927 ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria, na kati ya 1948 na 1958 James Kirkman akaongoza uchimbaji. Yeye mwenyewe aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki. Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa na Mwingereza. Kwao hapa siku zote pamekuwa mahali pa kuingia kwa heshima. Julai 2024, katika mkutano wake wa New Delhi, kamati ya UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nje ya lango kuna jambo jingine la kujifunza. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa za vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga gandani, kutoka kwa familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuziuza ng'ambo, ambako vipepeo hutoka wakiwa katika nyumba za maonyesho. Mkulima anayelipwa kwa sababu msitu umesimama haoni haja ya kuukata.

Bahari baada ya mawe

Alasiri nilipanda tuktuk hadi Watamu, na ninakushauri nawe ufanye hivyo: asubuhi mawe, alasiri maji. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitengwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Januari ni wakati mzuri, kwani kaskazi huwa imetuliza bahari na maji ni maangavu. Uliza wenyeji saa za kupwa na kujaa kabla ya kukodi mashua. Matumbawe unayoyaona chini ya maji ni ya jamii ile ile ya mawe uliyoyaona yamejenga Gede. Mafundi waliyakata, wakayachoma mengine kupata chokaa.

Kwa anayekwenda peke yake, hasa mwanamke, nina machache ya kumwambia. Mkodi mwongozaji aliyesajiliwa pale langoni, maana bila maelezo yake utaona kuta tu. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa kuwa njia zina mizizi. Magofuni funika mabega. Kuna makaburi ya watu. Usipande juu ya ukuta kwa ajili ya picha. Ufuoni elewana bei kabla ya huduma, na giza likiingia rudi kwa tuktuk ya mtu anayejulikana na mwenyeji wako. Ukiwa na siku ya ziada, teremka Kilifi uione Mnarani, au Mtwapa uione Jumba la Mtwana, ambako msikiti umesimama ufuoni kabisa na mawimbi yanasikika kutoka mihrabuni.

Ya kwetu je?

Nikirudi bara, ule mwaka 1399 haukunitoka akilini. Wakati fundi anaichora tarehe ile kwenye lipu, huku kwetu Uasin Gishu kulikuwa na nini?

Kulikuwa na watu. Kwenye miteremko ya nyanda za Uasin Gishu, Nandi na Cherang'any, hadi kule Nakuru, kuna mashimo ya mviringo ambayo wazee wa Kikalenjin huyaita ya Wasirikwa, watu wanaosema walikaa hapa kabla yao. Kipenyo chake ni mita 10 hadi 20 hivi. Walowezi na wasomi wa zamani walidhani ni mahandaki au nyumba. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, Nakuru, mwaka 1937 na 1938, na miaka ya 1960 John Sutton akayachunguza mengi ya nyanda hizi na kuonyesha kwamba yalikuwa maboma ya ng'ombe. Mlango ulielekea bondeni, ili matope na samadi viteremshwe nje, na nje ya mlango huo hadi leo pana kichuguu cha taka hizo. Vibanda vya watu viliungwa pembeni. Kwenye uwanda wetu wenye mwamba karibu na uso wa ardhi, walizungushia kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Yalitumika tangu karne ya 12 au 13 hadi karibu karne ya 18, yaani yalianza karibu sawa na Gede, ila yakadumu baada ya Gede kuachwa.

Kwa hiyo mtu wa Turbo haendi pwani kuangalia historia ya wenzake waliokuwa nayo, huku yeye hana. Pwani mali ilikuwa majahazini, huku ilikuwa zizini, na kote mali ilijengewa mawe. Tofauti imekuja baadaye. Gede ilizungushiwa ua, ikachimbwa, ikaandikwa, ikawekewa kiingilio. Ya kwetu yalipitiwa na plau za Makaburu waliofika na magari ya ng'ombe mwaka 1908, kisha na trekta zetu wenyewe baada ya uhuru. Eldoret ina hoteli kubwa iitwayo Sirikwa, na watu wengi waliokula harusi ndani yake hawajawahi kuliona shimo hata moja.

Hili lina wa kulitenda. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliyaweka makavazi miongoni mwa kazi za kaunti. Kaunti ya Uasin Gishu haihitaji mabilioni kuanza. Inahitaji kuyaorodhesha mashimo yaliyobaki, kuweka kibao, na kukubaliana na wenye mashamba namna ya kuwalipa ili wasiyafukie. Chuo Kikuu cha Moi kiko Kesses, na Makavazi ya Kitaifa yana tawi Kitale. Wataalamu hawako mbali.

Nawe msomaji, ukipata likizo nenda Gede, hata kama huna wa kwenda naye. Na ikiwa shambani kwako kuna bonde dogo la mviringo lenye mawe pembezoni, ambalo trekta hulikwepa kila msimu, usimruhusu dereva alisawazishe Machi hii. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka aliyegundua mabaki ya kale ayaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba.